Herufi Zikigeuka Visanduku, Tusikimbilie Kuilaumu Lugha

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi wa kuheshimika, wanaoamini kwamba tarakilishi inapokataa kuandika lugha fulani, kasoro imo katika lugha yenyewe. Husema lugha hiyo ina herufi nyingi mno, au ina alama ngeni mno, au haikuumbiwa sayansi. Dhana hii ni potovu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba humkatisha mwanafunzi tamaa mahali pale pale ambapo angepaswa kuanza kuuliza maswali. Katika makala haya nakusudia kuipinga kwa kutumia mfano ambao huenda ukaonekana wa mbali: hitilafu za kuonekana kwa maandishi ya Kijapani katika tarakilishi zinazotumia mfumo wa Linux.

Msomaji atauliza: Mkenya na Kijapani wapi na wapi? Jibu si gumu. Chuo cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambacho leo ni chuo kikuu, kilianzishwa mwaka wa 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, na vijana wetu wamekuwa wakivuka bahari kwenda kusomea huko. Anayekwenda ugenini hana budi kujifunza lugha ya wenyeji, na anayejifunza lugha zama hizi hulazimika kuiandika kwa mashine. Linux nayo, iliyoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, hupatikana bila malipo, na kwa hivyo humfaa mwanafunzi ambaye mfuko wake haujanona. Kijapani na Linux vinapokutana katika chombo kimoja, ndipo hutokea mambo ninayotaka kuyaeleza.

Kwanza tuelewe ukubwa wa kazi yenyewe. Kiswahili huandikwa kwa herufi zisizofika 30, na zote zinaenea katika kibodi ya kawaida. Kijapani hutumia aina tatu za maandishi kwa pamoja. Kuna hiragana na katakana, ambazo kila moja ina herufi 46 za msingi zinazowakilisha silabi, kisha kuna kanji, yaani alama zilizotokana na maandishi ya Kichina, ambazo kila moja hubeba maana. Mtoto wa shule ya msingi nchini Japani hufundishwa kanji 1,026, na orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka wa 2010, ina 2,136. Ni kibodi gani itakayobeba vitufe vyote hivyo?

Wajapani walilitatua tatizo hili kwa busara. Mchapaji huandika matamshi ya neno, mara nyingi kwa herufi za Kilatini. Tarakilishi huyageuza kuwa hiragana. Naye akibonyeza kitufe cha nafasi, hupewa orodha ya kanji zinazoweza kusomwa hivyo ili achague ile anayoikusudia. Tuchukue neno "kisha", ambalo kwetu ni kiunganishi tu. Katika Kijapani, sauti hizo hizo zaweza kumaanisha mwandishi wa habari, garimoshi, kampuni yenu kwa lugha ya heshima, au kurejea kazini kwako, na kila maana ina kanji zake. Sikio pekee haliwezi kuzitofautisha. Ni jicho, likisaidiwa na muktadha, linaloamua. Kwa sababu hiyo, dirisha dogo linaloonyesha chaguo hizo si pambo. Lisipoonekana, au likionekana mahali pasipofaa, mwandishi amefungwa kitambaa machoni.

Haikuwa rahisi kufika hapo. Mwaka wa 1866, Maejima Hisoka, ambaye baadaye aliasisi huduma ya posta ya Japani, alimwandikia mtawala pendekezo kwamba kanji ziachwe kabisa. Wengine baada yake walitaka taifa lihamie herufi za Kilatini. Mwaka wa 1915, Sugimoto Kyota alibuni taipureta ya Kijapani iliyohitaji sinia yenye alama zaidi ya 2,000, na mchapaji alilazimika kujua kila alama imelala wapi. Ilipofika mwaka wa 1978, mambo mawili yalitokea. Kwanza, Japani ilitoa kiwango rasmi kilichozipa nambari kanji 6,349 ili mashine ziweze kuzihifadhi. Pili, kampuni ya Toshiba ilitangaza JW-10, mashine ya kwanza ya kuandikia iliyoweza kugeuza matamshi kuwa kanji, iliyoundwa na kundi lililoongozwa na Mori Ken-ichi. Ilikuwa na uzito wa kilo 220 hivi na bei ya yeni milioni 6.3. Leo kazi hiyo hufanywa na simu inayoenea kiganjani. Zingatia, msomaji, kwamba lugha haikupunguzwa ili iingie katika mashine. Ni mashine iliyopanuliwa ili ipokee lugha.

Sasa tugeukie Linux. Herufi moja ya Kijapani haifiki kwenye kiwambo kwa hatua moja. Safari yake yafanana na mbio za kupokezana kijiti. Mkimbiaji wa kwanza ni kibodi, inayotoa ishara ya kitufe kilichobonyezwa. Wa pili ni mpatanishi, yaani programu kama IBus au Fcitx, inayopokea ishara hizo kabla hazijafika kwenye barua unayoiandika. Wa tatu ni kigeuzi, kwa mfano Mozc, ambacho Google ilikitoa wazi kwa umma mwaka wa 2010. Hiki ndicho chenye kamusi na ndicho kinachopendekeza kanji. Wa nne ni programu unayoandikia, iwe ya barua au ya kuvinjari intaneti. Wa tano ni fonti, yenye michoro ya herufi. Wa mwisho ni mfumo wa madirisha, unaochora kila kitu kwenye kiwambo. Kijiti chaweza kuanguka mikononi mwa yeyote kati ya hao sita, na mtazamaji aliye jukwaani huona jambo moja tu: timu imeshindwa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mtu asiyezoea kufikiri kwa utaratibu husema tu, "Kijapani hakifanyi kazi." Lakini kila hitilafu ina sura yake, na sura hiyo humweleza mwenye macho ni mkimbiaji yupi aliyeangusha kijiti. Tuzitazame moja moja.

Sura ya kwanza ni visanduku. Badala ya kanji, kiwambo huonyesha mistatili mitupu, ambayo wataalamu huiita tofu kwa kuwa yafanana na vipande vya chakula hicho cha soya. Maana yake ni moja: herufi imefika salama, lakini hakuna fonti yenye mchoro wake. Katika programu nyingi za Linux, kisanduku huwa na tarakimu ndogo ndani yake, kwa mfano 76F4. Hizo si uchafu. Ni nambari ya herufi hiyo katika Unicode, kiwango cha kimataifa ambacho toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka wa 1991. Mashine inakuambia, kwa uaminifu kabisa, "Najua ni herufi gani, ila sina sura ya kuivika." Dawa ni kuongeza fonti, kama vile zile za jamii ya Noto, ambazo jina lake lilitokana na nia ya kukomesha tofu hizo. Fonti zake za lugha za Asia ya Mashariki zilitolewa mwaka wa 2014 kwa ushirikiano wa Google na Adobe.

Sura ya pili ni vurugu: mfululizo wa herufi zenye lafudhi na alama zisizo na maana yoyote. Wajapani wana neno la hali hii, mojibake, nalo limeingia katika lugha nyingi. Hapa fonti haina hatia. Kilichotokea ni kwamba maandishi yalihifadhiwa kwa msimbo mmoja yakasomwa kwa mwingine. Kabla ya Unicode kuenea, Japani ilikuwa na misimbo kadhaa iliyoshindana, ukiwemo Shift_JIS uliotumika sana katika tarakilishi za kibinafsi na EUC-JP uliopendwa katika mashine za jamii ya Unix. Anayeongeza fonti ili kuponya mojibake ni sawa na anayenunua miwani ili asome barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Sura ya tatu ni ya hila zaidi, kwa maana mgeni hataitambua. Kanji zinaonekana, nzuri na zilizokamilika, lakini Mjapani akizitazama hukunja uso. Waliotunga Unicode waliamua kwamba alama za Kichina, Kijapani na Kikorea zenye asili moja zipewe nambari moja, hata kama michoro yake inatofautiana kidogo baina ya nchi na nchi. Ile 76F4 niliyoitaja ni alama yenye maana ya unyofu. Kwa Mjapani, upande wake wa kushoto hushuka na kukunja kona chini. Katika mchoro wa China bara, kona hiyo haipo. Alama ya mfupa nayo ina kisanduku kidogo ndani ambacho hukaa upande mmoja nchini Japani na upande wa pili nchini China. Kwa vile nambari ni moja, fonti ndiyo huamua sura, na ikiwa mfumo haukuambiwa kwamba lugha ni Kijapani, waweza kuchagua fonti ya Kichina. Mwanafunzi wa kigeni atanakili sura hizo daftarini, na mwalimu wake atazikosoa bila kujua kosa lilianzia wapi.

Dawa yake haihitaji uganga. Katika Linux, programu iitwayo fontconfig ndiyo hupanga fonti ipi itangulie. Amri fc-match, ikiulizwa kuhusu lugha ya ja, hujibu kwa jina la fonti itakayotumika kwa Kijapani. Ikiulizwa bila kutajiwa lugha, hutaja ile inayotumika kwa mazoea. Mwenye tarakilishi anaweza kuandika faili fupi ya kuitanguliza fonti ya Kijapani, au kuuambia mfumo mzima kwamba lugha yake ni Kijapani.

Sura ya nne inahusu lile dirisha la chaguo. Mwandishi anaandika katikati ya ukurasa, lakini orodha ya kanji inachomoza pembeni kabisa mwa kiwambo, au haionekani kamwe. Hapa kamusi ni nzima na fonti ni nzima. Ugonjwa umo katika mawasiliano baina ya programu ya kuandikia, mpatanishi na mfumo wa madirisha. Katika mfumo wa zamani wa X, ulioanza mwaka wa 1984, programu yoyote iliweza kujua mahali ilipo kwenye kiwambo na kumweleza mpatanishi. Wayland, mfumo ulioanza kutengenezwa mwaka wa 2008 ili kurithi nafasi ya X, umeondoa uhuru huo kwa sababu za usalama na unadhifu: programu haijui imesimama wapi, na dirisha la nje haliwezi kujiweka popote lipendapo. Msimamizi wa kiwambo ndiye anayepaswa kuliweka. Programu iliyotungwa kwa desturi za zamani hujikuta kama mgeni aliyeingia nyumba yenye sheria mpya. Ndiyo maana katika mazingira ya KDE yanayotumia Wayland, mtumiaji wa Fcitx hushauriwa kumteua mpatanishi huyo ndani ya mipangilio ya mfumo wenyewe, ili msimamizi amtambue.

Sura ya tano ni kimya. Unabonyeza vitufe na kupata herufi za Kilatini tu, ama katika programu zote, ama katika moja pekee. Kama ni katika moja pekee, basi umeshapata nusu ya jibu: kigeuzi kinafanya kazi, ila programu hiyo haijaunganishwa na mpatanishi. Katika Linux uunganisho huo umetegemea kwa muda mrefu maagizo matatu yanayosomwa programu inapoanza, nayo ni GTK_IM_MODULE, QT_IM_MODULE na XMODIFIERS. Programu iliyofunguliwa kabla ya maagizo hayo kubadilishwa haitajua kwamba yamebadilika. Wengi hurekebisha kila kitu ipasavyo, wakaona hakuna kilichobadilika, wakaanza kuharibu walichokwisha kukitengeneza, ilhali walihitaji kutoka katika kikao na kuingia upya tu.

Je, mwalimu na mwanafunzi wanapata funzo gani hapa? La kwanza ni kwamba uchunguzi hutangulia tiba. Kabla ya kugusa chochote, tutenge sehemu. Nakili maandishi yenye visanduku uyabandike katika programu nyingine. Yakionekana vyema, hatia haimo katika maandishi. Fungua tarakilishi hiyo hiyo kwa jina la mtumiaji mwingine. Hitilafu ikitoweka, hatia imo katika mipangilio ya mtumiaji wa kwanza. Endesha amri ya fcitx5-diagnose, ambayo hukagua hatua nyingi za safari na kuandika ripoti. Isitoshe, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha pima. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja, hata akipona, hajui dawa iliyomponya ni ipi.

Huu ndio utaratibu tunaoufundisha katika maabara ya kemia na fizikia, lakini mara nyingi tunauacha mlangoni tunapoingia katika chumba cha tarakilishi. Humo mwanafunzi huzoezwa kunakili amri alizozikuta mahali fulani, moja baada ya nyingine, bila kuuliza kila moja inafanya nini. Zikifaulu hushangilia, zisipofaulu hulaani mashine. Nasema waziwazi kwamba hiyo si elimu. Ni ramli. Mwalimu anayemruhusu mwanafunzi kurekebisha hitilafu bila kueleza chanzo chake amemnyima sehemu bora ya somo.

Funzo la pili linatugusa sisi wenye lugha za hapa. Wasemaji wa Kikikuyu na Kikamba wana irabu zinazoandikwa kwa alama juu yake, ĩ na ũ. Unicode inazo zote, na zimo ndani yake tangu mwanzo. Hata hivyo, wapo wanaoziacha alama hizo wanapochapa kwa sababu hazimo katika kibodi ya kawaida, na maneno mawili tofauti yakaishia kuandikwa sawa. Kiswahili nacho, ambacho hujivunia kutoshea katika kibodi ya Kiingereza, kina mtego wake. Kiritone cha "ng'ombe" huandikwa na mashine nyingine kikiwa kimenyooka na nyingine kikiwa kimepinda, na alama hizo mbili zina nambari tofauti katika Unicode. Programu isiyofunzwa itayahesabu kuwa maneno mawili, na anayetafuta moja hatalipata la pili. Ni nani atakayelirekebisha jambo hilo ikiwa sisi wenyewe hatujui kwamba lipo?

Wajapani hawakungoja wageni wawatengenezee. Katika miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto na kampuni walizoshirikiana nazo waliunda kigeuzi kilichoitwa Wnn kwa ajili ya mashine za Unix, na kampuni ya NEC ikaunda chake kilichoitwa Canna. Mifumo hiyo ilitumika baadaye katika Linux. Kila hitilafu iliyoripotiwa na mtumiaji mwenye subira, aliyeeleza alichobonyeza, alichotarajia na alichokiona, ilisaidia kusogeza kazi mbele.

Najua kuna watakaopinga. Watasema kwamba njia rahisi ni kununua mfumo wa kibiashara ambamo mambo haya yamekwisha kutengenezwa, au kuandika kila kitu kwa Kiingereza na kupumzika. Hoja ya kwanza ina ukweli, na sitamlaumu mwenye haraka ya kumaliza tasnifu yake akichagua njia hiyo. Lakini mfumo uliofungwa hautufundishi umefungwaje, na siku utakapokosea katika lugha ambayo haina soko kubwa, hatutakuwa na mlango wa kuingilia. Hoja ya pili ndiyo hatari zaidi, kwani ni ile ile ya Maejima iliyovaa nguo mpya: lugha ipunguzwe ili mashine isisumbuke. Japani iliisikiliza hoja hiyo kwa zaidi ya karne moja na haikuifuata.

Nawahimiza walimu wa lugha na walimu wa tarakilishi wakae pamoja, kwa maana tatizo hili ni lao wote wawili. Mwalimu wa lugha anajua sura sahihi ya herufi. Mwalimu wa tarakilishi anajua safari yake. Mmoja bila mwenziwe atatibu nusu ya ugonjwa. Nao wanafunzi, watakapokutana na kisanduku kitupu mahali palipopaswa kuwa na neno, wasikifute kwa hasira. Wakisome kwanza. Huenda ndani yake mna tarakimu nne zinazongoja mtu wa kuziuliza zinamaanisha nini.